Tangazo la Ardhi: Haki ya Mwananchi na Ngao ya Askari

Katika mambo yanayomkutanisha askari na raia uso kwa uso wakati wa amani, hakuna lizidilo lile la ardhi. Vita vina majira yake na wizi una usiku wake, lakini ardhi i pale pale kila siku, na kila siku yuko mtu anayetaka kuipima, kuiuza, kuipitisha barabara, kuijenga kiwanja cha ndege au kuirudisha kuwa msitu. Uamuzi wa mambo hayo hufanywa ofisini na wenye kalamu. Siku ya kuutekeleza ndipo huitwa wenye sare, wasimame kati ya tingatinga na mlango wa mtu. Ikiwa mwenye mlango ule alikwisha kupashwa habari mapema, akasikilizwa na akalipwa haki yake, kazi ya siku hiyo huwa nyepesi na kila mtu hurudi kwake salama. Ikiwa hakuambiwa neno, basi askari mwenyewe ndiye huwa tangazo la kwanza analolipokea mwananchi yule, na tangazo la namna hiyo halisomwi kwa utulivu.

Makala haya yakusudia kulichambua jambo hilo moja: wajibu wa serikali na wa kila mwenye mamlaka kuutangazia umma kabla ya kubadili matumizi ya ardhi au kuwaondoa watu juu yake. Tutatazama sheria za hapa Uganda, tutavuka mpaka kwenda Kenya na Tanzania, kisha tutajiuliza ni nini kimpasacho afisa wa polisi au kamanda wa kikosi anapoletewa karatasi na kuombwa atoe vijana. Twaamini kwamba askari aijuaye sheria ya tangazo ana silaha isiyohitaji risasi.

MAANA YA TANGAZO

Kila mji na kila wilaya hulazimika kugawa ardhi yake kwa kazi mbalimbali. Hapa patakuwa makazi, pale viwanda, kwingine soko, shule, makaburi, njia ya maji au malisho. Uamuzi kama huo humgusa mtu hata kama hanyang'anywi hata hatua moja ya shamba lake. Mtu aliyejenga nyumba ya kulala mahali patulivu aweza kuamka siku moja na kukuta kiwanda cha chokaa kimeruhusiwa ubavuni mwake. Mkulima wa ndizi aweza kuambiwa kwamba shamba lake sasa ni sehemu ya mji, na kwamba nyumba ya udongo hairuhusiwi tena.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeweka kanuni kwamba uamuzi wa namna hiyo usifanywe gizani. Nchini Marekani, mji wa New York uliweka sheria yake ya kugawa maeneo mwaka 1916. Mwaka 1924 Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ikatoa kielelezo cha sheria ili majimbo yakifuate. Kielelezo hicho kilitaka mkutano wa hadhara ufanyike kwanza, na tangazo la mkutano lichapishwe gazetini siku zisizopungua 15 kabla yake. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyouhusu mji mdogo wa Euclid katika jimbo la Ohio, ilikubali kwamba mamlaka ya mji yaweza kumwekea mipaka mwenye ardhi kwa faida ya wote. Kwa hiyo nguvu ya serikali juu ya ardhi na wajibu wake wa kutangaza vilikua pamoja kama mapacha. Anayekitaka kimoja hana budi kukipokea na cha pili.

Tangazo lililo kamili lina sehemu tatu. Kwanza, watu wapate habari. Pili, wapewe muda na mahali pa kusema walilo nalo. Tatu, waliyoyasema yapimwe kabla ya uamuzi, na uamuzi utolewe pamoja na sababu zake. Sehemu moja ikikosekana, kinachobaki ni karatasi tu.

TULIKOTOKA

Historia ya Uganda yatuonyesha gharama ya kuamua mambo ya ardhi bila ya kuwaambia wanaoikalia. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na ndipo lilipotoka neno «mailo» tulitumialo hadi leo. Maili za mraba 8,000 zilikadiriwa kuwa za machifu wapatao 1,000 na watu wengine wenye mashamba. Wakulima walioilima ardhi ile na kuwazika wazee wao ndani yake hawakuulizwa. Waliamka wakiwa wapangaji. Malalamiko yakazidi, kodi na ushuru wa mazao vikapanda, hata mwaka 1928 ikapasa kutungwa sheria ya busuulu na envujjo ili kuweka kikomo cha malipo na kumzuia mwenye mailo asimfukuze mkulima bila ya amri ya mahakama.

Miji nayo ilipangwa kwa namna hiyo hiyo. Kampala ilichorewa mipango mingi wakati wa ukoloni. Mmoja wake, wa kuupanua mji upande wa Kololo na Naguru, ulichorwa na Ernst May, msanifu majengo mzaliwa wa Ujerumani, katika miaka ya 1940. Mipango ya zama hizo ilitenga maeneo kwa rangi ya watu: Wazungu huku, Waasia kule, na Waafrika pembeni. Mwafrika aliuona mpango baada ya kukamilika, na mara nyingi aliuona kwa njia ya askari aliyekuja kumwambia kwamba hapo si mahali pake.

Mwaka 1975, serikali ya Idi Amin ilitoa Amri ya Mageuzi ya Ardhi iliyoifanya ardhi yote ya nchi kuwa ya umma, na wenye mailo na hati za kudumu wakageuzwa kuwa wapangaji wa muda. Ilikuwa amri ya kijeshi, nayo iliondoa kinga ya mkulima iliyokuwapo tangu 1928. Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyoyageuza hayo yote, ikatamka katika kifungu cha 237 kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, ikatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi.

SHERIA ILIYOPO

Leo mwananchi wa Uganda ana ngao kadhaa. Kifungu cha 26 cha Katiba chasema kwamba mtu hataondolewa katika mali yake isipokuwa kwa haja ya umma iliyotajwa, kama vile ulinzi, usalama na afya ya umma, na kwamba fidia ya haki na ya kutosha italipwa kwanza, ndipo mali ichukuliwe. Kifungu cha 42 chasema kwamba kila anayefikishwa mbele ya ofisi ya serikali ana haki ya kutendewa kwa uadilifu, na aweza kuupinga uamuzi mahakamani.

Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1965 yaeleza namna ya kutangaza. Afisa wa tathmini hana budi kuchapisha tangazo katika Gazeti la Serikali na kulibandika mahali panapofaa juu ya ardhi yenyewe au karibu nayo, akieleza kwamba serikali yakusudia kuitwaa. Wenye madai huitwa kufika mbele yake, na siku ya kufika haiwezi kuwa kabla ya siku 15 tangu tangazo kutolewa. Sheria hiyo ilikuwa na sehemu iliyoiruhusu serikali kuingia juu ya ardhi kabla ya kulipa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotokana na ujenzi wa barabara ya Hoima hadi Kaiso na Tonya, iliamua kwamba sehemu hiyo inapingana na Katiba. Tangu hapo, asemaye «ingieni sasa, malipo yatafuata» anasema neno lililokwisha kufutwa na mahakama.

Upande wa mipango, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2010 ilichukua mahali pa ile ya 1964. Iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Maana yake ni kwamba hata kijiji kilicho mbali na lami kinahusika. Rasimu ya mpango haina budi kuwekwa wazi ili watu waitazame na kuleta pingamizi zao kabla haijapitishwa.

Tena iko Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2010. Hapo mwenzetu mwenye sare asome mara mbili. Mkulima aliye juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, akiwa amekaa kwa njia halali au amekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila ya kupingwa, haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu, nayo ni kutolipa kodi ya ardhi ya mwaka. Mahakama ikitoa amri hiyo lazima itaje siku ya kuondoka, na siku hiyo haitapungua miezi 6 tangu amri kutolewa. Sheria haikuishia kwa mwenye hati. Imemtaja pia yule anayeshiriki katika kumwondoa mtu kama huyo bila ya amri ya mahakama, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Neno «kushiriki» halina cheo wala sare.

SIKU 7 ZA MITUMBA

Kwa jirani zetu wa Kenya kuna kisa kimoja ambacho kila afisa wa Afrika Mashariki angepaswa kukijua. Jijini Nairobi, karibu na kiwanja cha ndege cha Wilson, palikuwa na kijiji kiitwacho Mitumba. Waliishi humo watu wa jamaa zaidi ya 3,000, nao walikuwa na shule yao ya msingi. Mwezi Septemba 2011 lilichapishwa gazetini tangazo la kuwataka waondoke katika muda wa siku 7. Wenye mamlaka walikuwa na hoja ya usalama wa ndege, nayo ni hoja nzito ambayo hakuna mwanajeshi awezaye kuidharau. Wakazi wakaenda mahakamani, na mahakama ikatoa amri ya kuzuia ubomoaji mpaka kesi isikilizwe. Hata hivyo, tarehe 19 Novemba 2011 kijiji kikabomolewa, pamoja na shule.

Kesi hiyo ilipanda ngazi zote. Mahakama Kuu iliwapa haki wakazi mwaka 2013. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo mwaka 2016. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema neno la mwisho: kwamba watu waliojenga makazi yao juu ya ardhi ya umma, ijapokuwa hawana hati, wanayo haki ya makazi ambayo mahakama yaweza kuilinda, na kwamba katika kuilinda yaweza kuamuru fidia au taarifa ya kutosha kabla ya kuhamishwa. Kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu ili ipange nafuu itakayowafaa.

Tuhesabu pamoja. Siku 7 zilizotolewa kwa haraka zilizaa kesi ya zaidi ya miaka 9. Watoto waliokuwa darasa la kwanza siku shule ilipobomolewa walikuwa vijana wakati uamuzi unasomwa. Twajiuliza: kama wakazi wangepewa miezi 3 na kuonyeshwa mahali pa kwenda, serikali ingepoteza nini?

Bunge la Kenya lilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya mahakama kumaliza. Mwaka 2016 sheria za ardhi zilibadilishwa. Sasa watu wanaoikalia ardhi ya umma hupewa taarifa ya miezi isiyopungua 3, kwa maandishi, katika Gazeti la Serikali, katika gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na kwa redio, tena kwa lugha ya mahali inapofaa. Mwenye ardhi ya binafsi naye hutoa taarifa ya miezi 3, na nakala yake lazima ipelekwe kwa kamanda wa polisi wa eneo. Siku ya kazi yenyewe, sheria yataka wote wanaoshiriki watambulishwe, waonyeshe hati za kuwaruhusu, na heshima, uhai na usalama wa wanaoondolewa vilindwe. Kwa maneno mengine, mtu aliyejifunika uso na asiye na namba hana nafasi katika kazi hiyo.

MKUTANO WA KIJIJI

Tanzania imeshika njia nyingine yenye mafunzo yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Rais akitaka ardhi ya kijiji ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, kusudio hilo hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Ikiwa ardhi hiyo haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupokea maoni ya kijiji. Tena haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na wakati wake viwe vimekubaliwa.

Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba tangazo linawakuta watu wakiwa wamekaa pamoja. Mtu mmoja aweza kudanganywa na karani; mkutano mzima ni vigumu. Udhaifu wake nao tuuone: mkutano ukiitwa kwa haraka, bila ajenda, wakati wa palizi, watakaofika ni wachache, na wachache hao waweza kutia sahihi kwa niaba ya wasiokuwapo. Kwa hiyo hata mkutano wahitaji tangazo lake.

LUGHA, MAHALI NA WAKATI

Hapa twafika kwenye kiini cha tatizo. Sheria nyingi hutimizwa kwa herufi na kuvunjwa kwa roho. Gazeti la Serikali huchapishwa kwa Kiingereza. Ni wakulima wangapi wa Amuru, Kiboga au Kabale walikwisha kuliona? Tangazo likitaja namba ya kitalu na namba ya ramani, mwenye shamba hawezi kujua kwamba ni la kwake, maana yeye hulijua shamba kwa jina la kijito, mti mkubwa au kaburi la babu. Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 2005, imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kila lugha inayofahamika mahali hapo, iwe Kiswahili, Luganda, Acholi au Lunyoro, yapaswa kubeba ujumbe huo. Redio ya wilaya, soko la siku ya mnada, kanisa, msikiti na mkutano wa LC ni magazeti ya kweli ya kijiji.

Tena ni nani anayeambiwa? Mara nyingi huambiwa mwanamume mmoja aliye mkuu wa nyumba. Sheria ya Ardhi ya Uganda haimruhusu mume au mke kuuza au kuiweka rehani ardhi ambayo jamaa huishi juu yake bila ya idhini ya mwenzake. Basi tangazo lisilomfikia mama wa nyumba limeiacha nusu ya nyumba nje. Mjane, yatima na kijana aliye safarini kikosini nao wana haki ya kupashwa habari. Wako askari wetu wengi waliokuwa mbali kazini wakati mipaka ya mashamba ya baba zao inapimwa, na jambo hili lawahusu wao wenyewe kama raia.

Wakati nao ni sehemu ya haki. Mwaka 2012 serikali ilitenga kilomita za mraba 29 huko Kabaale, wilayani Hoima, kwa ajili ya kiwanda cha kusafishia mafuta. Vijiji 13 vilihusika, vyenye watu zaidi ya 7,000. Haja ya umma ilikuwa dhahiri, maana nchi isiyokuwa na bandari yahitaji mafuta yake. Siku ya kikomo ilitangazwa, wakazi wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu. Lakini malipo na nyumba mpya kwa baadhi yao vilichukua miaka. Tangazo liliwahi, fidia ikachelewa, na katikati wakabaki watu wasioweza kupanda mti wala kuhama. Funzo lake ni kwamba tangazo lisifungue mlango ambao fidia haiko tayari kuupita. Siku ya kikomo yapaswa kuwa na siku ya malipo inayoifuata kwa karibu.

HOJA ZA WANAOPINGA

Haifai kuzipuuza hoja za upande wa pili, kwani zina uzito. Ya kwanza husema kwamba ukitangaza mapema, walanguzi hukimbilia eneo hilo, huchomeka miche usiku na kusimamisha vibanda ili wadai fidia. Ni kweli, hufanyika. Dawa yake ni kuhesabu na kupiga picha kila kilichopo siku ile ile ya tangazo, mbele ya LC na majirani, na kumpa kila mwenye mali nakala ya hesabu yake. Kuficha habari hakumzuii mlanguzi, kwa sababu mlanguzi ndiye mwenye rafiki ofisini. Anayefichwa ni mkulima peke yake.

Hoja ya pili ni ya ulinzi. Husemwa kwamba kambi, ghala la silaha au uwanja wa kulengea shabaha si mambo ya kutangazwa sokoni. Sisi tulio katika jeshi tunaielewa hoja hii kuliko wengine. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya mpaka na kilichomo ndani yake. Adui hafaidiki kwa kujua kwamba mahali fulani ni ardhi ya jeshi, kwani uzio wenyewe wamwambia. Raia ndiye anayefaidika, maana hatachunga ng'ombe mahali pa shabaha, na mtoto wake hataokota kitu kinacholipuka. Mpaka uliotangazwa vizuri ni sehemu ya ulinzi.

Hoja ya tatu ni ya dharura. Mwezi Machi 2010 mlima uliporomoka huko Bududa na kufukia vijiji; askari wetu walichimba kwa majembe na mikono. Mwezi Agosti 2024 jalala la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Je, mahali pa hatari kama hapo tungoje miezi? La. Maisha huokolewa kwanza. Lakini matukio hayo mawili yaonyesha pia kwamba hatari haizaliwi siku moja. Mteremko wa Bududa ulijulikana, na jalala la Kiteezi lilikuwa likikua tangu miaka ya 1990. Ramani ya hatari ikitangazwa mapema, mwaka baada ya mwaka, kwa lugha inayoeleweka, siku ya dharura hukuta watu wachache mahali pale. Tangazo la matumizi ya ardhi humkinga mtu na serikali yenye haraka; humkinga pia na udongo.

WAJIBU WETU

Katika kifungu cha 208, Katiba yataka jeshi liwe na nidhamu na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 209 kinaliagiza kukuza uelewano na raia. Kifungu cha 212 kinaipa polisi kazi ya kulinda uhai na mali. Na kifungu cha 221 kinavitaka vyombo vyote vya usalama kuheshimu haki za binadamu. Wako wanaodhani kwamba kuwa chini ya mamlaka ya kiraia ni kumtii kila raia mwenye cheo anayepiga simu. Sivyo. Mamlaka ya kiraia ni sheria na vyombo vyake. Simu haina muhuri, na aliyepiga aweza kusema kesho kwamba hakupiga.

Basi afisa anapoombwa kutoa askari kwa kazi ya ardhi, na aulize maswali machache bila ya kuona haya. Amri ni ya mahakama gani, na iko wapi kwa maandishi? Siku iliyotajwa kwa watu kuondoka imekwisha kupita? Tangazo lilitolewa lini, wapi na kwa lugha gani, na ni nani ashuhudiaye kwamba watu walilisikia? Ikiwa ardhi yatwaliwa na serikali, fidia imekwisha kulipwa? Iko amri yoyote ya kuzuia? Mkuu wa wilaya na kamati yake ya usalama wanajua? Mwezi Februari 2022 Rais alitoa agizo kwamba watu wasiondolewe katika ardhi bila ya kamati ya usalama ya wilaya kushauriwa na kuridhia. Afisa asiyeuliza ameliacha jambo hilo mikononi mwa wakili wa upande mmoja.

Majibu yakiwa mazuri, kazi ifanywe kwa heshima: mchana, kwa sare kamili na majina yanayosomeka, huku wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga wakitangulia kusaidiwa, na vyombo vya watu vikitolewa nje badala ya kuvunjwa ndani. Kila kitu kiandikwe katika daftari la kituo. Majibu yakiwa mabaya, afisa na aandike kwa mkubwa wake, aeleze kilichopungukiwa, na angoje agizo la maandishi. Kufanya hivyo si uasi. Nidhamu tuliyofundishwa katika shule ya kadeti ni kuitii amri halali, na neno «halali» liliwekwa hapo kwa makusudi.

Upo pia wajibu wa kabla ya siku ya mashaka. Kituo cha polisi kiko karibu na watu kuliko ofisi ya mipango. Ubao wa kituo waweza kubandikwa nakala ya kila tangazo la ardhi la eneo hilo. Afisa wa mahusiano na jamii aweza kulisoma katika mkutano wa kijiji. Kamanda wa kambi inayopakana na mashamba aweza kuwaita wazee mara moja kwa mwaka, wakatembea pamoja kwenye mawe ya mpaka na kuyahesabu. Gharama ya jambo hilo ni asubuhi moja na viatu vyenye matope.

Serikali ni lazima ijenge barabara, viwanda, mabwawa na viwanja vya ndege, na hapana budi wengine wahame ili wengi wafaidike. Lakini mtu anayehama akijua sababu, akiwa na fedha yake mkononi na muda wa kuivuna mihogo yake, huwa jirani wa serikali hata huko aendako. Anayehamishwa bila neno huondoka na kisasi, na kisasi hicho hatakipeleka kwa karani aliyechora ramani, kwa kuwa hamjui. Atakipeleka kwa sare aliyoiona mlangoni. Kwa ajili ya watakaozivaa sare hizo baada yetu, na tuhakikishe kwamba tangazo linatangulia.